Mwandishi Hewa wa Kamanga

Kazi ile ililetwa kwa mdomo, si kwa barua, na hilo peke yake lingetosha kunitia shaka. Mwenyekiti wa kamati ya kupandisha vyeo alinikuta asubuhi kwenye ngazi za maktaba ya chuo chetu, nikiwa bado nimeshika funguo, akaniambia kwamba kamati imechoka na malalamiko. Kila mwalimu aliyeomba cheo alikuja na orodha yake ya machapisho, na kila orodha ilikuwa na chanzo chake. Huyu kaitoa kwenye kanzidata ya bure, yule kwenye ya kulipia, wa tatu kaiandika mwenyewe kwa kumbukumbu. Alitaka mkutubi, yaani mimi, nilinganishe kanzidata tatu halafu niwaambie ipi inastahili kuaminiwa.

Nilikubali. Akashuka ngazi mbili, akageuka.

"Anza na yule mzee wa samaki," alisema. "Mwangalie vizuri."

Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Miaka kumi na moja ya maktaba ilikuwa imenifundisha kwamba mtu anayekuomba ukisome kitabu fulani kwa makini, yeye huwa ameshakisoma.

Mzee wa samaki alikuwa mhadhiri mwandamizi aliyeomba kupanda cheo akiwa amebakiza mwaka mmoja na kidogo kustaafu. Alikuwa mtu mrefu wa kutoka upande wa Mara, mkimya, na ofisi yake ilinuka dawa ya kuhifadhia samaki kiasi kwamba wanafunzi walimsalimia wakiwa mlangoni. Maktabani alikuja mara chache. Akija aliniita binti, akachukua alichokifuata na kwenda zake. Watu wasiozungumza ni rahisi kuwashuku. Wanakuachia nafasi kubwa, nawe unaijaza unavyotaka.

Nilianza siku ileile. Kanzidata ya bure ilifanya kazi kama wavu wa kokoro: ilikokota kila kilichokuwamo mtandaoni, samaki wakubwa, vifaranga na majani. Makala ya jarida, ripoti ya warsha, tasnifu ya mwanafunzi, hata tangazo la mkutano lililotaja jina la mtu, vyote ilivihesabu. Ile ya pili, ambayo chuo kiliilipia kila mwaka, ilichagua majarida yake, na jarida lisilokuwamo kwenye orodha yao ni kama halikuwahi kuchapishwa. Ya tatu ilikusanya majarida ya Afrika. Ilikuwa na makala ambazo zile mbili hazikuwa na habari nazo, ila haikuonyesha vizuri nani kamnukuu nani. Na kunukuliwa ndiko kulikotafutwa. Siku hizi mwalimu wa chuo hapimwi kwa alichoandika tu, anapimwa pia kwa idadi ya wenzake waliokitaja katika maandiko yao.

Mapema tu niligundua kwamba nusu ya matatizo yanatoka kwenye majina yetu. Huku kwetu mtu mmoja anaandikwa kwa L kwenye cheti cha ubatizo na kwa R kwenye cheti cha shule, kutegemea na sikio la karani. Sisi tunacheka, tunaendelea na maisha. Mashine haicheki. Kwake L ni mtu mmoja na R ni mtu mwingine. Nilimkuta mwalimu wa kilimo aliyegawanyika mara tatu, na mwalimu mwingine aliyebebeshwa makala za daktari wa meno wa nchi ya mbali mwenye jina kama lake. Huyu wa pili alikuwa ameyaingiza meno hayo kwenye maombi yake ya cheo bila kupepesa jicho. Nilimwandika kwenye daftari langu, na nakiri nilifurahi kumwandika.

Ilipofika zamu ya mzee wa samaki, nilifunga mlango.

Ya bure ilimpa makala nyingi, ya kulipia ikampa chini ya nusu ya hizo, na ya Afrika ikampa nyingine ambazo hazikuwa kwingine. Tofauti ya namna hiyo nilikwisha kuizoea. Kilichonisimamisha kilikuwa jina la mwandishi mwenza. Katika makala sita, zote za samaki aitwaye ningu, jina la mwanamke mmoja lilifuata la kwake. Chini ya jina la kila mwandishi huandikwa mahali anapofanyia kazi: chuo, idara, wizara. Chini ya jina la mwanamke huyu paliandikwa Kamanga, Sengerema, basi. Hapakuwa na chuo wala barua pepe. Katika makala nne jina lake lilikuwa na L, katika mbili lilikuwa na R. Kwa hiyo kanzidata ya kulipia ilikuwa na wanawake wawili wa Kamanga, wote hawana mwajiri, wote ni mabingwa wa ningu.

Nikamtafuta kila nilikojua. Hakuwa na makala hata moja ambayo mzee hakuwamo. Hakuwa na picha, hakuwa na shahada iliyotajwa popote, hakuwahi kuhudhuria mkutano wowote ulioacha orodha ya washiriki. Wakati huo maneno yalikuwa mengi vyuoni: makala zinanunuliwa, mtu anampachika shemeji yake kwenye andiko ili shemeji apate kazi, kesho shemeji anampachika yeye. Tulikuwa tumesikia habari za watumishi hewa serikalini, majina yanayolipwa mishahara bila watu. Nikajiambia huyu ni mwandishi hewa, na kwamba mimi ndiye niliyemkamata.

Nilimuuliza katibu muhtasi wa idara yake, mwanamke wa Igogo anayejua habari za kila mtu kabla ya mwenyewe kuzijua. Aliinamisha kichwa karibu na changu. Alisema mzee huvuka ziwa kwenda Kamanga kila mwezi, tangu zamani, na mara nyingine harudi siku hiyohiyo. Aliinua nyusi tu, na nyusi zake zilitosha.

Nyumbani Buhongwa nilimsimulia mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na hupenda kitu kifunguliwe kabla hakijasemwa kwamba kimeharibika. Alisikiliza, akasema, "Wewe hata mvua ikinyesha utauliza ni nani kaituma. Kwa nini usimuulize mwenyewe?"

Kesho yake nilimuuliza. Nilikwenda ofisini kwake, nikasimama mlangoni kama wanafunzi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, binti."

Nilimweleza kwamba nalinganisha kanzidata kwa ajili ya kamati, na kwamba kuna mwandishi mwenza ambaye taarifa zake hazijakamilika. Nilijitahidi sauti yangu iwe ya kiofisi. Alirudisha macho kwenye karatasi zake.

"Kamanga si mbali," alisema. "Ukitaka kumjua, nenda mwaloni, kamtafute kwa wapasuaji wa samaki."

Akageuza ukurasa, akaendelea kusoma. Niliondoka nimekasirika, maana niliona ni dharau: mtu mwenye jibu angelitoa palepale. Leo najua kwamba mtu aliyechoka kueleweka vibaya anaweza naye kuacha kueleza, lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kufikiri hivyo.

Jumamosi nilipanda kivuko hadi mwaloni Kamanga, boti za wavuvi zinakotia nanga. Nilivaa nguo za kawaida na kubeba daftari langu, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu mwaloni mtu mwenye daftari ana maana moja tu: ametumwa. Mwalo ulikuwa na shughuli. Boti zilikuwa zimekwisha kurudi, wachuuzi wanapanga ndoo, na pembeni, kwenye meza ndefu ya saruji, wanawake sita au saba walikuwa wakipasua samaki, visu vinakwenda bila wao kuvitazama. Niliwasalimia. Waliitikia. Nikataja jina, kwanza kwa L, kisha, kwa tahadhari, kwa R.

Visu vikasimama.

Mmoja aliuliza ninatoka wapi. Nikasema natoka mjini, chuoni, maktaba. Niliona hawakuamini. Baadaye nilielewa kwamba wiki mbili kabla walikuwa wamepita watu wa doria wakitafuta nyavu haramu, nao walianza hivyohivyo, kwa upole na daftari. Mwingine alisema mwanamke huyo alihamia Geita. Wa tatu alisema hajawahi kulisikia jina hilo. Ndipo mwanamke aliyekuwa ukingoni mwa meza, wa umri wa miaka hamsini na kitu, mwenye kanga iliyofungwa juu ya aproni ya plastiki, alisema taratibu bila kuinua uso:

"Huyo alishafariki, mama. Mwaka wa tatu sasa."

Nilimpa pole. Nikaandika kwenye daftari mbele yao: amefariki, mwaka wa tatu. Na ndani ya kivuko, nikirudi, nilihesabu kichwani. Makala mbili kati ya zile sita zilikuwa zimetoka baada ya hapo. Sikuliona ziwa siku ile. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na ushahidi mapajani, na nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyesifiwa.

Jumatatu nilimpelekea mwenyekiti rasimu ya ripoti. Kurasa za mwanzo zilikuwa za kanzidata, sawasawa, pamoja na faida na hasara zake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mzee wa samaki. Niliandika kwamba machapisho yake yanaibua, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu niliyachagua kwa fahari, "maswali kuhusu uhalisia wa waandishi wenza", na kwamba kwa taarifa zilizopatikana uwandani mmoja wao ni marehemu. Mwenyekiti aliusoma ukurasa huo wa mwisho akiwa amesimama. Zile za mwanzo hakuzifungua. Aliniambia nimefanya kazi nzuri. Hata hilo lilinipitia kidogo moyoni kama mwiba, lakini nililipuuza. Nani hapendi kuambiwa amefanya kazi nzuri?

Jumatano, saa nne hivi, mlinzi wa lango aliniletea mgeni. Alikuwa mwanamke aliyevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, ameshika mfuko wa plastiki kifuani kwa mikono miwili. Nilimtambua kwa mikono kabla ya uso. Ilikuwa na makovu madogo meupe kwenye vidole, makovu ya visu na miiba.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba." Alitazama rafu za vitabu, akanitazama mimi. "Mimi ndiye niliyekuambia nimekufa."

Nilimvutia kiti. Alieleza mwenyewe. Baada ya mimi kuondoka hakulala vizuri, kwa sababu aliona nimeandika. Mtu akikuandika umekufa, alisema, haijulikani karatasi hiyo itakwenda wapi. Alimpigia simu mzee, akamuuliza kama kuna mtu aliyetumwa. Mzee akamjibu kwamba ni mkutubi wao, si mtu wa doria, na kwamba kama ana hofu avuke akamwone mkutubi mwenyewe. Akavuka.

"Sasa niambie," alisema. "Nimefanya kosa gani?"

Nilimwambia hajafanya kosa. Nikawasha kompyuta na kumwonyesha. Aliliona jina lake kwenye kioo, akalisogelea, akaweka kidole chini yake na kulisoma kwa silabi, kisha akashuka hadi la pili, hadi la tatu. Alipofika la nne alisimama.

Makala ya kwanza aliijua. Alinisimulia ilivyotokea. Alikuwa amemaliza darasa la saba akiwa na mwandiko mzuri, akaolewa, akaingia kwenye kazi ya kupasua samaki, na akaona kwamba mwaka unaweza kupita bila yeye kushika kalamu. Akaogopa kusahau kuandika. Akanunua daftari la shule, na kila jioni akaandika kitu pekee alichokuwa nacho cha kuandika, yaani samaki aliowapasua: ningu wangapi, wakubwa au wadogo, wenye mayai au wasio na mayai. Aliandika hivyo miaka na miaka. Wavuvi huona samaki kwa nje, wanunuzi huona kwa nje, hata watafiti waliokuja na mizani walipima samaki wachache siku ya ziara yao na kuondoka. Anayemwona samaki kwa ndani kila siku ya Mungu ni mpasuaji. Siku moja mzee alimkuta anaandika, akaomba kusoma, akakaa pale kwenye meza ya saruji hadi mchana bila kunyanyua kichwa. Daftari lilikuwa linaonyesha kwamba ningu wenye mayai walianza kufika mwaloni mapema kuliko zamani, kabla ya mvua ambazo vitabu vyote vilisema wao huzisubiri.

"Alinisomea aliyoandika, kwa Kiswahili, neno kwa neno," alisema. "Akaniuliza kama aweke jina langu. Nikasema weka. Hiyo ni moja."

"Hapa zipo sita, mama."

"Hizo nyingine sikuambiwa."

Shaka yangu, ambayo ilikuwa inataka kuondoka, ikarudi na kukaa kwingine. Aliniuliza zile namba zilizo pembeni ya kila makala ni za nini. Nilimweleza kwamba ni idadi ya watu waliomnukuu, wasomi wa sehemu mbalimbali ambao nao waliandika habari za samaki na kutaja kazi yake.

"Wanasema nimepatia au nimekosea?"

Niliitazama ile kanzidata ya kulipia, halafu ile ya bure. Nilikuwa nimezilinganisha mwezi mzima kwa kila kipimo nilichokijua, na swali hilo sikuwahi kujiuliza.

"Haisemi," nilijibu. "Inahesabu tu."

"Basi hata aliyenitukana amehesabiwa."

"Amehesabiwa."

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Kisha alifungua mfuko wake na kunionyesha daftari analoliandika sasa, limefungwa kwa karatasi ya gazeti. Yale ya zamani yako kwa mzee, alisema. Aliyachukua ili ayapige picha, mwaka wa nne huu, na kila akimkumbusha hujibu kwamba atayaleta. Hakusema kwamba yameibwa. Alisema mzee ni mtu mwema, ila mtu mwema naye husahau, na wewe uliyesahauliwa hujui kama umesahauliwa au umechukuliwa. Aliniomba nimsaidie kuyapata. Nilimsindikiza hadi kivukoni kwa miguu, kwa sababu niliona aibu kumwacha aende peke yake.

Mchana ule nilikwenda kwa mwenyekiti kuiomba rasimu yangu. Nilimwambia nimekosea, kwamba mwandishi mwenza yuko hai na nimezungumza naye ofisini kwangu, na nikamweleza kazi yake. Nilidhani atafurahi. Alizungusha kalamu vidoleni.

"Kwa hiyo ni mpasua samaki," alisema.

"Ndiyo, Profesa. Takwimu ni zake."

"Basi tatizo liko palepale, awe hai au amekufa. Tukianza kuwaita hao waandishi, kesho mtaniletea na mwenye boti."

Alinirudishia karatasi zangu. Zilikuwa na alama ya pini kwenye kona, na pini ilikuwa imetolewa. Mtu anayetoa pini kwenye karatasi huwa anataka kuzipitisha kwenye mashine ya kunakili. Ama labda pini ilidondoka yenyewe. Mpaka leo sina hakika, na nimeifikiria pini ile kuliko inavyostahili.

Niliandika ripoti mpya. Nilieleza kwamba hakuna kanzidata inayotosha peke yake: ya bure inazidisha, ya kulipia inapunguza, na ya Afrika inaona karibu ila haihesabu vizuri. Nilipendekeza kila mwombaji aangaliwe kwa zote tatu, na mtu azisome makala zenyewe. Kuhusu mzee niliandika kwamba waandishi wenza wake wote wamethibitishwa. Niliipeleka kwa barua, nikasainiwa kwenye kitabu cha kupokelea, maana nilikuwa nimejifunza.

Kamati ilikaa. Iliamua kutumia kanzidata ya kulipia pekee, kwa sababu, walisema, ndiyo inayoheshimika. Kwa kipimo hicho makala za mzee hazikufika idadi iliyotakiwa. Maombi yake hayakupita. Tangazo halikutaja samaki wala Kamanga, na mwalimu wa yale meno naye hakupita, kwa hiyo ilionekana haki imetendeka.

Ningeweza kuamini hivyo. Lakini kumbukumbu za vikao huletwa maktaba kuhifadhiwa, na mimi ndiye ninayezipanga kwenye majalada. Katika ukurasa wa tatu, chini ya jina la mzee, kulikuwa na sentensi inayosema kwamba mjumbe mmoja alieleza kuwapo kwa maswali kuhusu uhalisia wa waandishi wenza. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Maneno yalikuwa yangu. Niliyakana, nikayaondoa, nikayaandikia ripoti nyingine, lakini yalikwisha kuingia kwenye chumba ambacho mimi sikuingia.

Nilikwenda kwa mzee mwezi wake wa mwisho kazini. Alikuwa akipakia vitu kwenye maboksi, na chupa za samaki zilikuwa zimepangwa chini kando ya dirisha. Nilimwambia kila kitu, pamoja na ile rasimu. Aliendelea kupakia.

"Dokta, kwa nini hukunieleza siku ile nilipokuja?"

"Ningekueleza," alisema, "ungeniamini?"

Nilimuuliza tu kuhusu madaftari, na kuhusu zile makala tano ambazo yule mama hakuambiwa. Hapo ndipo aliacha kupakia. Alisema aliona ni haki ya yule mama, hivyo hakuona haja ya kumuuliza. Kila alipotumia daftari lake aliweka jina lake, na alidhani hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nilimwambia kwamba haki ya mtu nayo huulizwa mwenyewe. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, si kwa hasira, akafungua kabati la chuma na kutoa madaftari, yamefungwa kwa kamba ya katani. Yalikuwa manane.

Niliyavusha Jumamosi iliyofuata. Safari hii visu havikusimama. Yule mama alinawa mikono, akafuta meza, akayafungua moja moja na kuyapanga kwa miaka. Alipomaliza alisema alitoa tisa. La mwaka mmoja halikuwamo. Nilipiga simu palepale, na mzee akasema aliyopewa ni manane, ana hakika. Mama alisema tisa, ana hakika. Nilisimama katikati yao na simu sikioni, na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kujua ni nani anayesema uongo. Inawezekana hakuna aliyesema uongo. Inawezekana pia yupo.

Baada ya mzee kustaafu, chuo kiliajiri kijana mwenye shahada ya pili kuchukua nafasi yake. Alikuwa hodari na mwenye haraka. Alisikia habari za madaftari, akavuka kwenda Kamanga, na siku ya pili alikuja maktabani akinung'unika kwamba yule mama ni mtu wa mashaka sana. Amemwomba aone madaftari tu, naye amemtaka barua yenye muhuri inayosema ni makala ngapi zitaandikwa, jina lake litaandikwa kwa herufi gani, na madaftari yatarudi lini. Aliniuliza kama kuna njia nyingine ya kuzipata takwimu zile.

Nilimwambia hakuna. Niliandaa barua mimi mwenyewe, nikaipigisha muhuri, nikamkabidhi. Alirudi baada ya siku tatu. Alisema mama aliisoma mara mbili, akamwambia aandike chini yake kwa mkono wake mwenyewe kwamba ameielewa, akaikunja na kuiweka ndani ya kava la daftari. Kisha akamsogezea kisu na ndoo ya ningu, akamwambia kama anataka kuandika habari za mayai, aanze kwa kuyaona.